Kuku Aliyemfundisha Ambindwile Kupika Nyanya

Mzee Ambindwile wa Lupepo alikula nyanya maisha yake yote bila kujua kwamba zina maji. Kuzilima alijua. Alijua kuzifunika kwa majani ya migomba ili mvua isiziozeshe, na kuzipanga kwenye tenga zifike soko la Mpuguso bila kupondeka. Lakini safari ya nyanya kutoka kwenye tenga hadi kwenye sahani yake ilikuwa ya mkewe, Tupokigwe, na mzee hakuwahi kuuliza inapitia wapi.

Tupokigwe alipofariki, chakula kilianza kutoka ng'ambo ya migomba, kwa mtoto wao Wilson. Mke wa Wilson, Jenifer, alipika, Wilson akabeba bakuli, mzee akala. Mambo yangeendelea hivyo kama Jenifer asingekuwa mjamzito, na kama Beatrice, binti wa mzee anayeishi Mbeya, asingekuja kuona.

"Baba, Jenifer anakaribia kujifungua," Beatrice alisema. "Wilson hata chai inamshinda. Nani atakupikia?"

"Nitapika mwenyewe."

Beatrice alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Mwiko wenyewe unajua unakaa wapi?"

"Unakaa jikoni."

"Haya, mpishi. Jumapili nakuja. Ukinipikia ndizi na nyanya, nikala nikamaliza, unabaki hapa. Ukishindwa, nakufungia nguo zako tunakwenda wote Mbeya."

Mzee hakuwa na ugomvi na Mbeya. Nyumba ya Beatrice ilikuwa nzuri, sakafu inateleza, jiko linawaka bila moshi. Ila kaburi la Tupokigwe lilikuwa hapa, hatua chache kutoka mlangoni, na kila asubuhi mzee alilipitia akalieleza habari: ng'ombe ameamkaje, mvua imeangusha mgomba gani. Mbeya angemweleza nani?

Beatrice alipoondoka tu, mzee aliingia jikoni, akatumbukiza nyanya nzima kwenye sufuria, akazimiminia jagi la maji, akakaa kusubiri ziwe mchuzi.

Jenifer alikuwa akipita nje na kuni. Alichungulia sufuria kupitia tundu la ukuta, akarudi nyuma haraka. Hapa ndipo palipokuwa na kazi. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hukwepana, hawatazamani, hawazungumzi. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha, lakini Jenifer alilelewa na bibi yake, na mzee naye aliiheshimu. Basi Jenifer akamgeukia kuku mwekundu aliyekuwa akiparua majivu.

"We kuku," alisema kwa sauti, "mtu anayepika nyanya anazitia maji ya nini? Nyanya zenyewe si maji?"

Ndani sufuria iliinuliwa mekoni. Kisha maji yakamwagwa.

Tangu siku hiyo masomo yakaanza. Jenifer alikaa nje ya ukuta, mgongo kwenye matofali, akafundisha kwa pua na masikio. "Kuku, kitunguu kikinukia mpaka huku, tia nyanya. Katakata vidogo. Funika. Sikiliza. Zikipiga kelele, bado zina maji. Zikianza kunong'ona, funua ukoroge mpaka mafuta yajitenge, ndipo utie ndizi."

"Kuku," mzee alijibu siku moja, "mwambie aliyekutuma moshi umenijaa machoni."

"Kuku, mwambie mzee apulize kuni, malalamiko hayawaki."

Agness, jirani yao, alipita njiani akasimama. "Baba Wilson, hongera! Naona siku hizi kuku wako wanasoma."

Kulikuwa na jambo moja tu. Jenifer hakuthubutu kuchungulia tena, hivyo hakuona sufuria. Alisema, "Kuku, chumvi," na asiposikia kitu, baada ya muda alisema tena, "Kuku, chumvi isisahaulike." Mzee, ambaye aliona haya kuuliza, alitii mara zote mbili. Chakula kilimkausha koo, lakini alidhani ndivyo kinavyopikwa. Na nani anamkosoa mkwe? Alikula akamaliza, akateremshia maji.

Jumapili alfajiri Wilson alimkimbiza Jenifer hospitali Makandana. Uchungu ulikuwa umeanza. Beatrice alipofika alikuta sufuria tayari mekoni na baba yake amesimama, mwiko mkononi, ametega sikio ukutani.

"Baba, unamsubiri nani?"

"Nasubiri moto ushike."

Beatrice akakaa kwenye kigoda cha mama yake. Kuku akaingia, akaparua, hakusema kitu. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akafumba macho, akaanza. Kitunguu kikanukia. Nyanya zikapiga kelele, zikanong'ona. Ndizi zikaingia. Akatia chumvi. Baada ya muda akatia tena.

"Baba! Si umeshatia?"

"Ndivyo inavyopikwa."

"Nani kakwambia?"

"Kuku."

Beatrice alionja, akaweka kijiko chini. "Baba, hii hata ng'ombe angeikataa, na ng'ombe anapenda chumvi."

Mzee aliona begi tupu ambalo binti yake alikuwa amelitundika mlangoni. Alitoka na kofia yake kwenye manyunyu, akaenda nyuma ya jiko, pale Tupokigwe alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Nyanya zilikuwa zimejiotea zenyewe pale, ndogo ndogo, hakuna aliyezipanda. Alizichuma zilizoiva, kofia ikajaa. Akazikatakata, akazitia kwenye sufuria ileile, akaongeza ndizi, akafunika, akafumba macho tena.

Safari hii Beatrice alikula. Alimaliza, akafuta bakuli kwa kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Na kupunguza chumvi hivi, nako kakufundisha kuku?"

"Hapana. Hilo hata yeye halijui."

Hapo ndipo alipomweleza habari ya ukuta. Beatrice alicheka mpaka machozi, akayafuta, kisha akakipapasa kile kigoda. Akainuka, akachukua begi, akalijaza ndizi za kwenda nazo Mbeya.

Jenifer aliporudi na mtoto wa kike, mzee alivuka migomba na sufuria, akaiweka mlangoni, akageuza uso ukutani. Kuku hakumfuata, lakini alisema vilevile. "Kuku, mwambie mama mtoto chakula kipo. Na umwambie ndaga fijo, asante sana."

Kifuniko kilifunuliwa. Kijiko kikagonga sufuria.

"Kuku," sauti ya Jenifer ikatoka ndani, "mwambie babu mtu nyanya zimeiva vizuri sana. Ila chumvi hakuna kabisa."

Mzee akageuka kwenda kuileta, akitembea upesi, wasije wakamwona anavyocheka.