Betri Mbili, Hasi Moja

Nakumbuka arusi ya mdogo wangu Nyamizi kule Kisesa, miaka ile ya tisini, spea za redio zilipokuwa zimeanza kujaa madukani Mwanza. Shule niliishia darasa la nne, lakini redio nilifundishwa na Mzee Masalu, fundi wa Buzuruga, na nilijiona nimeiva. Nikaahidi kufunga kipaza sauti mwenyewe. Bibi yetu Kabula koo lilikuwa limemharibikia, amebaki kunong'ona, naye ndiye aliyetakiwa kumbariki bibi arusi mbele ya wakwe.

Nilikuwa na bodi mbili, vile vibao vya kukuza sauti, mwanangu. Ile ndogo ya maiki niliipa betri za tochi. Kubwa, ya kusukuma spika, nikaipa betri ya gari. Katikati nikapitisha waya wa sauti. Wa kuunganisha hasi zao nikaukata. Kila bodi ina betri yake na hasi yake, nikasema, ya nini kuazimana? Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza.

Bibi akashika maiki. Spika ikanguruma, neno lake hata moja halikutoka.

"Shemeji Milembe," akapiga kelele Lukasi, kaka wa bwana arusi, "umetuletea muziki au mashine ya kukoboa?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Bibi akashusha maiki, machozi yanamlengalenga. Mimi nikakimbilia jikoni kupasha chuma cha kulehemu, ning'oe transista. Mzee Masalu, aliyekuwa mwalikwa, akaacha pilau yake akanifuata.

"Unang'oa nini wewe?"

"Bodi imekufa, Mzee."

"Umeipima? Au umeitangazia msiba tu? Hasi umezifunga wapi?"

"Kila moja ina yake."

"Ndiyo maana hazisikilizani! Sauti imekwenda, irudi kwa njia gani? Kidole kimoja hakivunji chawa. Zima, funga hasi kwa hasi. Chanya usiziunganishe, betri hizo nguvu zake si sawa, utaunguza."

Nikarudi kwenye bodi, nikazima, nikafunga hasi kwa hasi, nikawasha. Mngurumo ukanyamaza. Bibi akashika tena maiki, akanong'ona, "Nyamizi mjukuu wangu, uzae, ulee, uheshimiwe," na wapishi nyuma ya nyumba wakaitikia, "Amina!" Lukasi naye aliitikia, tena kwa nguvu.

Basi mwanangu, leo unaunganisha bodi tatu, nne, kila moja na adapta yake. Zima zote kwanza. Hasi zikutane mahali pamoja, chanya kila moja ibaki na yake, ndipo upitishe waya wa sauti. Bodi inayokula umeme wa ukutani moja kwa moja, bila adapta, usiiguse, mwachie aliyeisomea. Na usiseme kitu kimekufa kabla hujakipima, hata kama wakwe wote wanakucheka.

Mungu aitulize mikono yako, akupe na mtu wa kukukaripia mapema. Nenda kafanye kazi, mwanangu, utaiweza.