Matofali ya Korongoni

Miezi michache iliyopita nilipewa lifti Iyunga, kwenye lori lililobeba vifusi vya ghala lililobomolewa. Mama mmoja mjamzito akasimama katikati ya barabara, mikono kaitandaza.

“Ndugu dereva, matofali hayo unayapeleka wapi?”

“Korongoni, mama. Ni takataka.”

“Basi yamwage hapa. Zahanati yetu haina chumba cha kuzalia.”

Dereva akacheka, kisha akamwaga. Wanawake wakaja na nyundo, wakabandua saruji iliyoganda.

Juzi nimepita tena. Kuta zimefika kwenye madirisha, na mama yule anasogeza matofali, mtoto mgongoni. Nikampongeza kwa chumba na kwa mtoto.

“Huyu hakukisubiri, alizaliwa njiani,” akasema, akiokota tofali jingine. “Kitawafaa wenzake.”

Nasi mjini, zahanati yetu haijaanza kujengwa; bado tunangoja saruji.