Mzee wa Kakao Aliyekuwa Akinikimbia

Mzee mzima, na heshima zake, aliniona akatupa panga na kutimka mbio kwenye kakao.

Kesho yake nikarudi. Safari hii aliruka mfereji.

Jamani, mimi si mtu wa kukimbiwa. Na nilikuwa nimeoga kabisa!

Naitwa Jubilate, binti wa Rombo. Likizo ndefu ya mwaka jana chuo kilitupeleka Ipyana, kule Kyela, tujifunze utafiti kwa kuhoji wakulima wa kakao. Nafasi ya kubaki kwenye mradi ilikuwa moja tu, na tulioikodolea macho ni mimi na Gwamaka, mtoto wa hapohapo. Kwa vile hakuruhusiwa kumhoji baba yake mzazi, mzee nikapewa mimi. Nikimkosa, kazi haijakamilika na nafasi naiaga.

Nikamvaa Gwamaka. "Umemwambia nini baba yako? Kwamba mimi mchawi?"

"Sijasema kitu kibaya," akajibu, macho chini.

Huyu anayeongea kama redio, leo hana sauti! Nikajua ananihujumu. Roho iliniuma kwelikweli.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Shikamoo mama. Hivi baba ananichukia?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Akuchukie! Anakuheshimu, mwanangu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Wengi wameshaacha, ila huyu wangu ni wa zamani fijo, wa zamani sana."

"Mke wa nani?"

"Gwamaka alituonyesha picha yako Krismasi, akasema ndiye atakayemwoa. Kwani hajakwambia?"

Hajaniambia! Tangu Krismasi mimi ni mkwe wa watu na sina habari.

Basi mahojiano yakafanyika hivyohivyo: mimi uani, mzee ndani, mama mlangoni akipokea maswali na kurudisha majibu. Mzee alijibu yote, hadi nikafika la mwisho.

"Mama, muulize kama yuko tayari kuendelea kushirikiana nasi."

Mara sauti nzito ikatoka ndani:

"Mama Gwamaka, hilo muulize yeye, mkwe wetu."

Nafasi nikaipata mimi. Gwamaka akaja kunipongeza, jasho linamtoka, akauliza, "Na lile lingine?"

Makaka, ukimpenda binti mwambie yeye kwanza, kabla baba yako hajavunjika mguu kwenye mfereji.

Jibu langu kwa Gwamaka? Bado liko kwenye uchambuzi.