Tulivyompima Shangazi Ulafi

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuwauliza watu kama wanakula kupita kiasi, na Mungu akanituma nikawaulize watu wa Bungoma. Sijui nilimkosea nini.

Ilikuwa miaka ile simu ya mkononi bado inaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ofisi yetu ya utafiti ilikuwa Kitale, chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Bosi wangu alikuwa mama mkali, wa familia iliyotoka Nyeri ikanunua shamba Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Tulitaka kujua nani anakula kwa sababu ana njaa na nani anakula kwa sababu hawezi kujizuia, na kama ugonjwa huo wa pili unaanzia kwenye mazoea ya kila siku ya mezani. "Msiwachekee," alituonya. "Ukicheka tu, watakudanganya."

Basi naingia boma moja la Malakisi, namkuta mzee mkulima wa tumbaku na mkewe. Nauliza, "Je, mwezi huu umewahi kula mpaka tumbo likakuuma?" Mzee anamtazama mkewe kwa fahari. "Ndiyo! Si huyu anajua kupika?" Nauliza, "Umewahi kula na huna njaa?" "Nikiwa kwa watu, ndiyo. Utakataaje?" Nauliza, "Umewahi kula kwa kujificha, kwa kuona aibu?" Hapo anakasirika. "Wewe msichana, ati mimi ni mchawi, nile gizani?" Kwa kipimo chetu mzee huyo alikuwa nusu mgonjwa, nusu mzima. Na kabla sijafika swali la mwisho, mama ameshaweka mezani ugali wa wimbi na kuku ambaye nilipoingia alikuwa bado anatembea uani.

Sasa nani anakataa kuku Bungoma? Nilikula. Nilikula Malakisi, nikala boma lililofuata, na nikirudi Kitale bosi ananikagua kuanzia viatu hadi mashavu. "Ngai! Wewe unapima ama unapimwa?"

Nikiwa kazini upande huo nilikuwa nalala Kanduyi kwa shangazi yangu, dada pekee wa baba. Alikuwa mjane, na watoto wake wote walikuwa Nairobi. Mwaka huo alikuwa amepatikana na ugonjwa wa sukari, na kidole kimoja cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Daktari hakumzungusha. Alimwambia, mama, meza dawa na upunguze kula, la sivyo huu mguu utakatwa.

Baba akanipigia simu kutoka Kitale. "Si wewe ndio mtaalamu wa walafi? Basi anza na huyo wa nyumbani. Mguu wa dada yangu ukikatwa, hapa kwangu usikanyage." Baba yangu ndivyo anavyopenda watu, kwa vitisho.

Nikamkalisha shangazi jikoni, yeye anachambua mrenda, mimi na karatasi zangu.

"Shangazi, wewe hula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu, kama Wakristo wengine."

"Umewahi kula peke yako, kwa kujificha?"

"Peke yangu?" Alicheka mpaka mrenda ukamwagika. "Tangu nizaliwe sijawahi kula peke yangu. Chakula kitapitaje hapa kooni?"

"Na huwa unakula ukiwa huna njaa?"

"Mgeni akikuja, nani anauliza njaa iko wapi?"

Nikajumlisha. Kwa kipimo cha wataalamu, shangazi alikuwa mzima kabisa. Nikampigia baba, nikamwambia dada yako si mlafi. "Basi sukari inapanda kwa nini?" akauliza. "Inapandishwa na wewe?" Akakata simu.

Nilikasirika. Nikaamua kushinda nyumbani siku nzima nimtazame kwa macho yangu. Asubuhi tulikunywa chai na mandazi. Kabla vikombe havijakauka, akaja fundi wa baiskeli wa pale njiani kusalimia. Shangazi akatoa nduma za kuchemsha. Kwetu mgeni hawekewi chakula halafu mkamkodolea macho. Mwenye nyumba anamega kwanza, mgeni aone hakuna sumu, kisha anakula naye mpaka mwisho, maana ukitoa mkono kwenye sahani kabla ya mgeni, umemfukuza. Na yule fundi hakuwa mtu wa kutoa mkono haraka. Alipoondoka akaja mchungaji, ikawa ugali. Alipoondoka mchungaji akaja rafiki wa shangazi, mama wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na habari ya kubisha hodi, ikawa ugali tena.

Halafu wageni wakakatika. Unafikiri alipumzika? Alijifunga leso, akaenda kusimama langoni kwa mguu wake mbovu.

"Wee baba wa sufuria! Unapita hivyo kama kwa watu wabaya? Kuja ukunywe chai!"

Maskini, mchuuzi wa watu akaingia na sufuria zake zote kichwani, hajui hata amealikwa na nani.

"Woi, Shangazi!" nilisema mara tu mtu wa sufuria alipotoka. "Umekula tena!"

"Nani? Mimi nilikuwa nampatia mgeni kampani."

"Na hayo matonge yalikwenda wapi, si tumboni kwako?"

"Wewe umesoma sana. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wajinga?"

"Waliosema hivyo hawakuwa na sukari!"

Hilo lilimchoma, nikaona. Lakini nilikuwa nimeupata ugonjwa, na furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko huruma. Nikampigia baba, akaamua papo hapo: wageni marufuku mpaka kidonda kipone. Kazi ya kuwafukuza akaniachia mimi.

Nilizunguka kwa mmoja mmoja. Fundi alinielewa, au alijifanya. Mchungaji alisema atamwombea akiwa mbali. Mama wa ng'ambo ndiye aliyenitoa jasho.

"Ati nisikanyage hapo? Umetoka Kitale kuja kutufungia milango?"

"Mama, ni mguu wake."

"Kwani mimi nakulanga mguu?"

"Daktari amesema..."

"Daktari alikuwa wapi huyo tukizika bwanake? Toka hapa, bana. Sitakuja. Umefurahi?"

Nilifurahi, ndiyo. Nyumba ikatulia. Kila asubuhi nilikunywa chai wima, nikampikia shangazi chakula cha mchana kwa kipimo, ugali mdogo na mboga nyingi, nikafunika mezani, nikaenda kazini. Jioni nikirudi, sahani haina kitu, imeoshwa, na tunakula pamoja chakula kidogo kama alivyoagiza daktari. Alikuwa bado anasimama langoni. Watu walimpungia mkono kutoka upande ule wa barabara na kuongeza mwendo. "Kwani nimewakosea nini?" aliniuliza siku moja. Nikasema labda wako shambani. Kliniki walipompima, sukari ilikuwa imeshuka na kidonda kimeanza kukauka. Nesi alimpigia makofi. Baba akaniita mtoto wangu, jambo lisilo la kawaida. Hata bosi alisema, "Kumbe kuna kitu unaweza." Kichwa kikanivimba, nikatembea Kanduyi kama mganga mkuu wa mkoa. Niliona kuku wa shangazi wananenepa ajabu, nikadhani ni msimu mzuri wa mchwa.

Kisha nikatumwa Naitiri. Ni mbali, ilibidi nilale huko. Nikampikia chakula cha siku nzima na cha kesho yake, nikafunika, nikamsisitizia: dawa kwa wakati, Shangazi, usisahau dawa. Akasema sawa. Dawa hakuwahi kusahau.

Siku ya pili niko katikati ya maswali kwa mama mmoja wa Naitiri, simu ikalia shingoni. Ni mama wa ng'ambo.

"Wewe daktari! Nimekanyaga pale ulinikataza. Kuja uone kazi yako."

Alikuwa hajamwona shangazi langoni tangu asubuhi, akavunja amri. Alimkuta ameketi sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamkaribisha marehemu mumewe chakula. "Ingia, baba, mboga inapoa." Mezani sahani mbili, ugali wa tangu jana haujaguswa. Mama wa ng'ambo akakoroga sukari kwenye maji, sukari ile ile tuliyokuwa tunaikimbia, akamnywesha kwa kijiko. Fundi wa baiskeli akaitwa, shangazi akapakiwa nyuma ya baiskeli, mama wa ng'ambo akikimbia pembeni amemshika kiuno asianguke, akimtukana fundi kwa kukanyaga pole pole.

Nilifika hospitali nikiwa vumbi tupu. Shangazi alikuwa kitandani, dripu mkononi, amerudiwa na fahamu na anaona aibu. Nesi alinivuta kando akanieleza: vile vidonge hushusha sukari, na ukivimeza bila kula vinaishusha mpaka uzimie, au usiamke tena. Sasa lazima ale. Asipokula, haendi nyumbani, na dripu nayo haiwezi kumshikilia siku zote.

Chakula kilikuwa kimeletwa. Ugali na kabeji iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa.

"Mama, kula," nesi akasema.

"Karibu tukule."

"Mimi niko kazini, mama."

"Kidogo tu. Onja."

"Mama! Hiki ni chako!"

Shangazi akavuta leso akafunika sahani kwa heshima. Akageukia kitanda cha pili, akamkaribisha mama aliyelala pale. Yule akasema ameambiwa asile chochote mpaka afanyiwe operesheni. Shangazi akampa pole, akalaza mikono juu ya shuka. Nesi akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Uvumilivu ukaniishia. Nilikuwa nimeogopa njia nzima kutoka Naitiri, na hofu yangu hutoka kwa kelele.

"Shangazi! Kile chakula nimekuwa nikikupikia mchana kilikuwa kinakwenda wapi?"

Akatazama ukuta. "Kuku walikula."

"Siku zote hizo?"

"Jioni si tulikuwa tunakula na wewe?"

"Na jana? Na leo asubuhi? Unameza dawa, chakula kiko mezani, kimefunikwa, na huna shida ya kutembea mpaka mezani! Kwa nini hukula?"

Alinigeukia polepole. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na ningependa sana angekuwa amekasirika.

"Na nani?"

Nilisimama pale na mkoba wangu wa maswali begani, na katika yote niliyofundishwa kuuliza, hilo halikuwemo. Machozi yakanitoka mbele ya nesi, mbele ya yule mama wa operesheni, mbele ya wodi nzima. Shangazi akasema, "Nyamaza, si nimepona?"

Nikaweka mkoba chini. Nikaenda kwenye sinki nikanawa mikono, nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kufunua sahani. Nesi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Ugali ulikuwa umepoa na kushikana. Nikamega tonge, nikachovya kwenye maji ya kabeji, nikatafuna.

Shangazi akaningoja nimeze, ndipo naye akamega.