Mzee aliyerudi kumuaga rubani

Wakati wa uasi kwetu, kamioneti, gari dogo la abiria la kwenda Uvira ng'ambo ya mpaka, ilikuwa moja tu pale uwanja wa ndege wa Bujumbura, na bariyeri, kizuizi cha mpakani, ilifungwa saa kumi na mbili jioni. Sisi tulioshuka kwenye ndege tumeshaketi ndani, injini inaunguruma, mara mfugaji mmoja mzee wa milima ya Bijombo akashuka.

“Mzee, unaenda wapi? Bariyeri itafungwa!” shofere alifoka kutoka usukanini.

“Iko muntu alinibeba juu ya mawingu. Miye niende bila kumuaga?”

Rubani alipotoka, mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama mama yake angali hai.

Tulikuta bariyeri imefungwa, tukalala Burundi. Nilinuna hadi asubuhi. Lakini mimi nimeshapanda ndege mara nne, na sijui sura ya hata rubani mmoja aliyenishusha mzima.