Spika Zinazovuta na Spika Zinazosukuma

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni wakili mjini Kisii, na anaamini Mungu alimpa masikio ambayo sisi wengine tulinyimwa. Mimi ni fundi wa redio na spika pale Keroka. Kwa miaka mingi nilimvumilia, maana dada ni dada. Uvumilivu huo uliisha kwa sababu ya rekodi ya kwaya.

Kwaya yenyewe ni ya kanisa letu la nyumbani, upande wa Ikonge. Mimi ndiye niliyeirekodi. Aliyeimba peke yake kwenye wimbo mkubwa alikuwa mama mmoja mchuma majani chai, mwenye sauti ambayo hata watoto wakorofi huinyamazia. Wiki chache baada ya kurekodi, alifanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Alipona, lakini sauti haikurudi. Akawa anazungumza kama mtu anayenong'ona siri.

Ndipo shemeji, ambaye ni mzee wa kanisa, akaisikiliza rekodi kwenye spika zake ndefu kama kabati, akaja kwenye kamati akiwa amekunja uso.

"Rekodi imegeuzwa," alisema. "Ngoma inavuta hewa badala ya kusukuma. Muziki wote umelala chali. Lazima warudie."

Nilijua alichokuwa anasema, na nilijua ni upuuzi. Spika ina waya mbili, ya chanya na ya hasi. Ukizigeuza kwenye spika moja ukaiacha nyingine, hata mbuzi atasikia: besi inapotea na sauti haijulikani inatoka wapi. Lakini ukigeuza zote mbili kwa pamoja, kinachobadilika ni kwamba panapotakiwa spika isukume, inavuta, na panapotakiwa ivute, inasukuma; rekodi iliyogeuzwa nayo hufanya hivyo hivyo. Wapo wanaoapa kwamba wanausikia ugeuzo huo kwenye muziki. Nami nilijijaribu dukani kwangu, binti yangu akinigeuzia waya bila kunionyesha. Nilikosea na kupatia kama mtu anayerusha shilingi.

"Warudie na nani?" nilimuuliza shemeji. "Mama hana sauti."

"Atafutwe mwingine. Kazi ya Bwana haifanywi nusunusu."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale, ameshika leso yake.  

Nikaomba tufanye jaribio: mimi nishike waya za spika, yeye aseme lini zinavuta na lini zinasukuma. Jumapili iliyofuata, shemeji aliketi kwenye kiti cha mbele kanisani, mikono juu ya magoti, macho amefumba kama anayesubiri kutabiri. Kamati nzima ilikuwepo. Nikampa mgongo, nikainama nyuma ya spika, nikalegeza vibano vya waya na kuvikaza tena, kisha nikauwasha wimbo.

"Sasa zinavuta," alisema. "Hata pumzi ya mwimbaji inaingia ndani."

Nikainama tena, naye akasema, "Sasa zinasukuma! Mnasikia? Ngoma imesimama!"

Mara nane. Mara tano alisema zinasukuma, mara tatu zinavuta, na kila mara alikuwa na maelezo. Wazee wawili walianza kutikisa vichwa wakikubali, nao pia wanasikia sasa. Nikawadharau na wao.

Nilipomaliza nilisimama, nikajifuta vumbi.

"Shemeji, sikuzigeuza waya hata mara moja. Umesikiliza kitu kimoja mara nane."

 Wakili akafumbua macho, akasema bila haya, "Ndiyo maana nilikuwa na mashaka kidogo mara ya sita."

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole aliyenifundisha darasa la nne, alikohoa na kutangaza kwamba rekodi itatolewa ilivyo. Kisha akafunga kwa sala. Shemeji alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilikuwa nakunja waya zangu, nimejaa furaha, yule mama aliponifuata. Nilidhani amekuja kunishukuru, na kweli alinishukuru.

"Asante, fundi," alinong'ona. "Wajukuu watanisikia. Lakini mbona ulimwacha aseme mara nane? Mbili zingetosha."

"Alistahili hayo, mama. Alitaka kukufuta."

"Mara ya tatu mimi nilianza kumwonea haya. Wewe ulikuwa unatabasamu."

Akaenda zake nyumbani. Ni kweli nilitabasamu, na ningekuwa na muda ningefanya mara ishirini.

Shemeji bado anawaambia wageni wake kwamba rekodi ile ina kasoro ambayo wachache tu wanaweza kuisikia. Dada yangu huwaletea chai, ananitazama, anaomba kwa macho ninyamaze. Nanyamaza. Nakunywa chai yake, naangalia nje migomba, na dharau inanikaa kooni kama mwiba wa samaki.