Barabara Zilizoishia Mpakani

Ofisini walimwita Mama Ramani, na wilaya zote za mkoa zilimjua kwa simu zake zisizokoma. Kazi yake ilikuwa kuunganisha ramani za wilaya ziwe moja ndani ya kompyuta: barabara, visima, zahanati, madaraja. Wengine walimtumia data zao, wengine walimpiga chenga. Aliyemtoa jasho zaidi alikuwa mkuu wa ramani wa wilaya jirani, aliyebandikwa jina la Kufuli. Huyo hakuwahi kumpa hata njia ya miguu. Kwenye skrini, barabara zilifika mpakani zikakatika ghafla.

Kisha gari la wagonjwa likambeba mama mjamzito, likafuata ramani ya mkoa mpaka kwenye daraja la mpakani lililokwisha kusombwa na maji. Likageuza. Mama alipona, mtoto hakupona. Kumbe kwenye ramani ya Kufuli daraja lile lilishafutwa kitambo.

Safari hii Mama Ramani hakupiga simu. Alipanda basi, akamkuta Kufuli mezani kwake.

"Kaka, sikuja kugombana. Hata nguvu hizo sina."

"Habari za yule mtoto nimezipata," Kufuli alisema, macho chini.

"Basi nipe data."

"Dada yangu, kabla yako niliwahi kuwapa. Mkazivuruga, shule ikaonekana iko katikati ya mto, lawama nikabebeshwa mimi."

 Mama Ramani alikuwa amejiandaa kukabili mchoyo, akakuta mtu aliyeumizwa.

"Za kwenu mtarekebisha wenyewe," alisema. "Sisi tutaziona tu, hatutazigusa."

"Bosi wako anajua?"

Akampigia bosi palepale, sauti nje ili Kufuli asikie. Bosi alilalama weee, kisha akakubali. Kufuli akavuta kiti karibu na kompyuta.

Kuoanisha data hizo kulimla Mama Ramani majuma mazima, maana kijiji kimoja kilikuwa na majina matatu. Hakuna aliyempongeza. Dereva wa gari la wagonjwa tu ndiye aliyechungulia mlangoni: "Mama, siku hizi ramani inanipitisha daraja zima, lile la upande wa juu wa mto."

"Vizuri, mwanangu," akajibu, akarudi kwenye skrini yake.

Nyumbani mumewe akamuuliza, "Mmemaliza?"

"Haiishi hii, baba. Mvua ikinyesha tu, tunaanza upya."

Akajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Mumewe akapiga magoti, akamvua kimoja, akamvua na cha pili. Mkewe alikuwa ameshalala.